Kanisa la Wasiolipwa

Kila parokia inapotimiza miaka hamsini au mia moja, kijitabu huchapishwa. Kurasa za mwanzo huwa na picha ya askofu, halafu salamu za paroko, halafu orodha ya mapadri waliopita hapo pamoja na miaka yao. Kule mwishoni, karibu na matangazo ya waliochangia uchapaji, hukosi kukuta sentensi moja inayowashukuru makatekista, akina mama, wanakwaya na wazee wa kanisa “waliojitoa kwa hali na mali”. Nimesoma vijitabu vya namna hiyo vya kutosha, na siku zote naona mambo yamepangwa kichwa chini miguu juu. Huku Shinyanga, Kahama na Geita, ambako padri mmoja amekuwa akihudumia eneo linalokaribia wilaya nzima, historia ya Kanisa ni ya hao wa sentensi ya mwisho.

Hata hivyo, tuanze na waliolipwa. Mwaka 1878 msafara wa kwanza wa Wamisionari wa Afrika, waliokuja kujulikana kama Mapadri Weupe kwa sababu ya kanzu zao, uliondoka Bagamoyo ukiwa na wapagazi wengi wa pwani na wa bara. Wamisionari wenyewe walikuwa kumi tu, na mmoja wao, Padri Pascal, alifia njiani kabla ya kufika Tabora. Vyombo vya misa, dawa na marobota ya nguo za kulipia hongo kwa watemi vilisafiri vichwani mwa watu waliojua thamani ya kazi yao, na waliodai ujira wao kwa nguo, mkono kwa mkono. Injili ilifika Usukuma kwa mkataba wa kazi. Kujitolea kulikuja baadaye.

Tabora msafara uligawanyika. Kundi moja lilielekea Ujiji, jingine likaongozwa na Padri Léon Livinhac hadi Kagehi, kijiji cha Wasukuma kando ya Ziwa Nyanza. Lakini macho yao yalikuwa ng'ambo, kwa Kabaka Mutesa wa Buganda. Kwa miaka kadhaa nchi hii ilikuwa njia ya kupitia na mahali pa kukimbilia, basi. Misheni ya Bukumbi, kusini mwa Mwanza, ilifunguliwa mwaka 1883 baada ya mapadri kuondoka Buganda kwa kuhofia usalama wao. Waanglikana nao walifanya vivyo hivyo. Alexander Mackay, fundi mitambo Mskoti wa shirika la CMS, alipolazimika kutoka Buganda mwaka 1887 alihamia Usambiro, kusini mwa ziwa, akaendelea kutafsiri na kuchapa Maandiko kwa Kiganda akiwa katikati ya watu wasiosema Kiganda. Askofu Henry Parker alifia hapo mwaka 1888. Mvumbuzi Stanley alipita mwaka 1889 akirudi na Emin Pasha, akamkuta Mackay karakanani. Februari 1890 homa ikamwua Mackay pia, na mwaka 1927 mifupa yake ikafukuliwa na kupelekwa Namirembe, Kampala. Hata marehemu wake Kanisa halikuwaacha huku.

Kwa hiyo mwanzo wa kweli, kwa maoni yangu, si Kagehi wala Usambiro. Ni Ushirombo, mwaka 1891.

Ushirombo iko Usumbwa, leo katika wilaya ya Bukombe. Wakati ule nchi ilikuwa imechoka: misafara ya utumwa, uvamizi wa Watuta waliokuwa wameweka makao Runzewe, kisha tauni ya ng'ombe iliyofagia mifugo ya Afrika Mashariki mwanzoni mwa miaka ya 1890. Mapadri Weupe walipojenga hapo, waliowafuata kwanza hawakuwa watemi wala watu wenye ng'ombe. Walikuwa watoto waliokombolewa utumwani, wajane, na waliokimbia vita wakakosa ukoo wa kurudia. Askofu François Gerboin alifanya Ushirombo makao ya vikariati nzima ya Unyanyembe, akaiongoza kutoka hapo hadi alipofariki mwaka 1912.

Hapa ndipo hesabu inapoanza kugoma. Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wa shirika, alikuwa ameweka sheria ngumu: anayetaka ubatizo akae miaka 2 akiwa mwombaji, avae medali, kisha akae miaka mingine 2 akiwa mkatekumeni. Miaka 4 ya mafundisho, sala na kuchunguzwa mwenendo, kwa kila mtu, bila njia ya mkato isipokuwa kwa anayekufa. Wasukuma na Wasumbwa nao hawakuishi katika miji. Kila kaya ilikaa penye mashamba na malisho yake, jirani akiwa umbali wa kuita kwa sauti. Mapadri watatu wa misheni moja wangewezaje kuwafundisha mamia ya watu waliotawanyika namna hiyo, mwaka hadi mwaka? Hawakuweza. Sheria ya Lavigerie ilitekelezeka kwa sababu alikuwepo mtu mwingine: katekista.

Makatekista wa kwanza walitokana na haohao watoto wa misheni. Kwingineko katika eneo la Mapadri Weupe mfano mashuhuri ni Adriano Atiman, aliyetekwa utotoni karibu na Timbuktu, akakombolewa, akasomeshwa uganga Malta, na kufanya kazi Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, hadi kifo chake mwaka 1956. Atiman ana wasifu wake ulioandikwa. Wenzake wa vijiji vya Usumbwa na Usukuma hawana, ila kazi yao inajulikana vizuri kwa sababu imebadilika kidogo sana. Anaishi kijijini, ana mke, watoto na jembe. Ana kibanda cha nyasi kinachoitwa kanisa siku ya Jumapili na shule siku nyingine. Kengele yake ni kipande cha chuma, siku hizi rimu ya gari, kilichotundikwa mtini. Ana daftari: nani amekuja, nani hakuja, nani ameongeza mke wa pili, mtoto wa nani ni mgonjwa. Anafundisha kwa maswali na majibu hadi yakae kichwani mwa mtu asiyejua kusoma. Anabatiza walio katika hatari ya kufa. Anazika. Padri anapokuja baada ya miezi kadhaa, husimama kando kumnong'oneza majina.

Malipo? Mwanzoni ilikuwa nguo, chumvi, rupia chache, msamaha wa kazi nyingine za misheni. Si kitu, na si bure kabisa. Tusimpambe mtu wa wakati ule kwa kumpa moyo wa kujitolea tunaouelewa leo. Kijana aliyekulia misheni, asiye na ukoo wa kumpa ng'ombe wa mahari, hakuwa na mlango mwingine mwingi wa kugonga. Lakini alipewa heshima ambayo asingeipata kwingine, na baadhi yao waliitumia vizuri sana.

Mtihani ulikuja na Vita Kuu ya Kwanza. Waingereza waliingia Mwanza Julai 1916, Wabelgiji wakachukua Tabora Septemba. Wamisionari wa mataifa yaliyokuwa yakipigana walijikuta wengine kizuizini, wengine jeshini, wengine bila dawa wala divai ya misa. Vijijini watu waliendelea kukusanyika kwa rozari na mafundisho chini ya walewale waliozoea kuwafundisha. Na ilikuwa katikati ya vita hivyo, Agosti 1917, ambapo mapadri wa kwanza wazalendo wa nchi hii walipadirishwa Rubya, Bukoba. Vijitabu vya jubilei hukumbuka siku hiyo, kwa haki. Husahau tu kwamba safari ya kijana yeyote kuelekea seminari ilianzia kwa katekista aliyemwona mtoto ana akili akamtaja.

Upande wa Waprotestanti hadithi ilishika njia nyingine. CMS waliokuwa na kituo Nassa, kando ya Ghuba ya Speke, walikikabidhi mwaka 1909 kwa Africa Inland Mission, shirika lililokuwa na wafadhili wengi Marekani na msimamo mkali juu ya pombe, tumbaku na ngoma. Mwaka 1913 likafungua kituo Kolandoto, kilomita chache kutoka Shinyanga mjini. William Maynard alikuwa mhubiri. Mkewe, Nina Maynard, alikuwa daktari. Ni huyo mama aliyefanya jina la Kolandoto lijulikane, kwa sababu mtu aliyekataa mahubiri hakukataa kuokolewa mkewe aliyeshindwa kujifungua. Hospitali ipo hadi leo chini ya Africa Inland Church, kanisa lililotokana na shirika hilo, pamoja na chuo cha afya. Miaka ya zamani ilikuwa pia na kambi ya wagonjwa wa ukoma.

AIC, kama watu wengi wa Kanda ya Ziwa wanavyoliita kanisa hilo kwa kifupi, lilikuwa na kanuni iliyolisaidia sana: kanisa la mahali lijilishe lenyewe. Mchungaji aishi kwa zaka za watu wake, na watu wasimamiwe na wazee wa kanisa waliochaguliwa miongoni mwao. Zaka ilikuja kwa debe la mtama, kuku, na baadaye fedha za pamba. Katekista Mkatoliki alikuwa jicho la padri aliye mbali. Mzee wa kanisa wa AIC alikuwa mmoja wa waajiri wa mchungaji, akijua fika nani kalipa na nani kakwepa. Tofauti hiyo ilikuwa kubwa kuliko ile ya mafundisho, nadhani, na bado inaonekana katika mikutano yao. Lugha nayo ilichangia. Biblia nzima kwa Kisukuma ilitoka mwaka 1960, na bibi ambaye hakuwahi kusema sentensi moja ya Kiswahili aliweza kusomewa Ayubu na mjukuu wake.

Lakini ni kosa kudhani kwamba makanisa ndiyo yaliyowafundisha Wasukuma kufanya kazi pamoja. Hilo walilikuta. Vijana wa rika moja walikuwa wakilima mashamba kwa zamu, jembe likipanda na kushuka kwa mapigo ya ngoma. Ngoma ya bugobogobo inayochezwa leo kwenye mapokezi ya viongozi ilitoka shambani. Mtafiti Frank Gunderson alikusanya nyimbo hizo za kazi katika kitabu kikubwa kilichotoka mwaka 2010. Miaka ya 1920, Charles Swynnerton wa serikali ya kikoloni alipotaka kufyeka vichaka vya mbung'o Shinyanga, hakuhitaji kuvumbua utaratibu: maelfu ya wanaume walijitokeza baada ya mavuno, wakafyeka kwa vikundi chini ya watemi wao, kwa sababu walitaka malisho yao yarudi. Serikali ya kikoloni ilishangaa. Wenyewe hawakushangaa.

Kanisa liliposema “tukutane kesho tujenge”, lilikuwa likizungumza na watu waliojua kukutana. Tatizo lilikuwa dogo na la dunia hii: kazi ya pamoja ilimalizikia kwenye pombe. Aliyeitisha watu shambani kwake aliwapikia na kuwapa pombe ya mtama, na asiyefanya hivyo msimu uliofuata alilima peke yake. Sasa AIC linakataza pombe. Utawapa nini watu waliofyatua matofali kutwa nzima? Jibu lililopatikana likawa uji, chai yenye sukari, na pale palipo na uwezo, nyama. Wakatoliki hawakuwa na ugumu huo kwa kiwango kilekile, wala hawakuiogopa sana ngoma. Bujora, karibu na Kisesa, Padri David Clement kutoka Kanada alijenga kuanzia miaka ya 1950 kanisa la duara kwa umbo la nyumba ya Kisukuma, akaanzisha makumbusho, na mashindano ya kale ya ngoma kati ya vyama vya Bagika na Bagalu yakapata nafasi katika sikukuu ya Bulabo, wakati wa sherehe ya Ekaristi (Corpus Christi). Wapo waliomwona amekwenda mbali mno. Umati unaofika kila mwaka hauonekani kukubaliana nao.

Hata ushirika wa pamba uligusa mambo haya. Paul Bomani, aliyewaunganisha wakulima wa Kanda ya Ziwa hadi kuzaliwa kwa Victoria Federation of Co-operative Unions mwaka 1955, alikuwa mtoto wa mhubiri wa Kiadventista. Sidai kwamba kanisa lilizaa ushirika. Nasema tu kwamba mtu aliyezoea kuona baba yake akihesabu sadaka mbele ya mashahidi wawili na kuandika daftarini, mizani ya mfanyabiashara aliyeharibu vipimo ilimkera zaidi.

Mwaka 1956 Shinyanga ikawa jimbo Katoliki, chini ya Askofu Edward McGurkin wa shirika la Maryknoll la Marekani. Sasa kulikuwa na magari, mabati, saruji, na fedha za kumlipa katekista mshahara mdogo kila mwezi. Kwa muongo mmoja na kidogo mambo yalikwenda vizuri. Katekista mara nyingi alikuwa pia mwalimu wa shule ya misheni; kibanda kilikuwa kimekuwa darasa la matofali; kijana wa kigango, yaani kituo cha sala chini ya parokia, alimwona mwalimu wake kuwa mtu wa kuigwa.

Kisha, ndani ya miaka saba tu, sakafu ikaondolewa chini ya miguu yao.

Sheria ya Elimu ya 1969 ilizifanya shule za misheni kuwa za serikali. Mimi naona ilikuwa hatua ya haki kwa watoto wasiokuwa Wakristo, na sijakutana na mzee wa Shinyanga anayetaka turudi nyuma. Lakini ilimkata mwalimu na katekista vipande viwili: mwalimu akaenda serikalini na mshahara wake, katekista akabaki na rozari. Oktoba 1970 Mwalimu Nyerere alikwenda New York kuzungumza na masista wa Maryknoll, wenzi wa shirika lililokuwa likiendesha Shinyanga, akawaambia kwamba Kanisa lisiposimama na maskini katika mapambano yao litakosa maana kwao. Wamisionari vijana walirudi kwenye vigango vyao wakijiuliza kama miradi yao ya mabati ilikuwa msaada au pazia.

Mwaka 1974 ikaja Operesheni Vijiji. Usukuma wa kaya zilizotawanyika ulikusanywa, mara nyingi kwa nguvu, nyumba zikiezuliwa ili mtu asirudi. Makanisa mengi ya kigango yalibaki porini, yamezungukwa na mahame. Watu walijikuta wamepangwa mistari, jirani na wasiowafahamu, wengine wakiwa Wakristo waliokuwa wamezoea kusali umbali wa kilomita kumi na tano upande mwingine. Mwaka uliofuata Askofu Castor Sekwa, Mtanzania, akachukua jimbo lenye wamisionari wanaopungua, wafadhili wanaochoka na Wakristo waliohamishwa.

Na mwaka 1976 maaskofu wa nchi za Afrika Mashariki, katika mkutano wao wa AMECEA Nairobi, waliamua kwamba Kanisa lijengwe juu ya jumuiya ndogo ndogo za Kikristo: kaya kumi, kumi na tano, zinazosali pamoja nyumbani na kusaidiana. Wazo lilikuwa limechipua miaka ya 1960 miongoni mwa Wajaluo wa Mara Kaskazini, katika parokia za Maryknoll. Wanateolojia huieleza jumuiya kwa Mtaguso wa Pili wa Vatikano na kwa Matendo ya Mitume. Sawa. Lakini kwa mama wa Kishapu aliyehamishwa miaka miwili kabla, maana yake ilikuwa ya karibu zaidi: serikali ilikuwa imempa majirani, balozi wa nyumba kumi alikuwa amekwisha kuwahesabu, na sasa Kanisa lilimpa sababu ya kuwafahamu.

Jumuiya nyingi hukutana alfajiri ya Jumamosi, kabla ya watu kwenda shamba au sokoni. Mkeka unatandikwa uani, viti viwili vinatolewa kwa wazee, msalaba mdogo na mshumaa vinawekwa juu ya stuli iliyofunikwa kitambaa. Wanaimba, wanasoma Injili ya Jumapili inayofuata, mtu mmoja anajaribu kueleza alichoelewa, wengine wanamsaidia. Hiyo ni dakika ishirini. Baada ya sala ya mwisho mwenyekiti anauliza: “Kuna mgonjwa?” Hapo ndipo jumuiya inapoanza kazi. Mhasibu anafungua daftari. Mama fulani amelazwa, nani atalala naye hospitali usiku wa leo na nani kesho? Mzee fulani nyumba yake imeanguka ukuta wa nyuma. Vijana wakutane Jumatatu, akina mama walete maji. Mtoto wa fulani amefaulu, hana sare. Mchango unakusanywa shilingi kwa shilingi, na jina la asiyetoa linasomwa pamoja na la aliyetoa, jambo ambalo wapo wasiolipenda, na mimi ni mmoja wao.

Wanaobeba sehemu kubwa ya hayo ni wanawake. WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki, ulianzishwa mwaka 1972, na huku uliipa sura rasmi kazi iliyokuwa ikifanyika bila jina. Ukimwi ulipoingia miaka ya 1980 na kuenea kufuata barabara za malori na machimbo, waliokwenda nyumba kwa nyumba kuwaogesha wagonjwa ambao ndugu zao waliogopa kuwagusa walikuwa hao wa kanga na daftari.

Kitu kingine kilichotokana na wakati huo ni kusikiliza. Ndoleleji, katika jimbo la Shinyanga, Padri Donald Sybertz wa Maryknoll alikaa miaka mingi na wazee na makatekista wakikusanya methali, vitendawili na hadithi za Kisukuma. Kitabu alichokiandika pamoja na Padri Joseph Healey kuhusu teolojia ya masimulizi ya Kiafrika kilitoka mwaka 1996 na kinasomwa vyuoni mbali sana na Ndoleleji.

Halafu dhahabu. Geita ilikuwa na mgodi mkubwa wa chini ya ardhi tangu miaka ya 1930, ukafungwa mwaka 1966, na kwa miaka ishirini hivi mji ukapoa. Serikali ilipolegeza biashara ya dhahabu mwishoni mwa miaka ya 1980, watu walimiminika: Nyarugusu, Rwamagasa, Mgusu, Bulyanhulu. Majimbo yalikuwa yamegawanywa muda mfupi kabla, Kahama mwaka 1983 na Geita mwaka 1984, Geita ikianza na Askofu Aloysius Balina, aliyehamia baadaye Shinyanga. Hakuna aliyekuwa amejipanga kwa ajili ya parokia ambayo waumini wake wanaweza kuongezeka mara tatu ndani ya mwezi, kisha wakaondoka. Agosti 1996 wachimbaji wadogo waliondolewa Bulyanhulu kupisha mwekezaji, na makundi ya sala yaliyokuwa yameundwa pale yakatawanyika pamoja nao. Mgodi mpya wa Geita ulifunguliwa mwaka 2000, wa Bulyanhulu mwaka 2001.

Rasha, yaani mbio za watu kuifuata dhahabu mpya, inapotokea, kanisa hufika karibu pamoja na mama ntilie. Siku chache baada ya habari kuenea kwamba duara fulani, yaani shimo la kuchimbia, limetoa dhahabu, utaona turubai, miti minne, benchi za mbao za taka, spika na jenereta. Wapentekoste huwa wa kwanza, kwa kuwa hawasubiri kibali cha mtu. Baadhi yao wako chini ya EAGT, kanisa lililoanzishwa mwaka 1991 na Moses Kulola, Msukuma aliyekulia AIC na aliyehubiri kwa maelfu viwanjani hadi alipofariki mwaka 2013. Katekista huja wiki ya pili, akiuliza tu kwenye makarasha na mialo, mawe yanakopondwa na kuoshwa: “Mkatoliki nani hapa?” Anapata Mhaya, Waha wawili, Mkurya, Msukuma kutoka Maswa. Kiswahili ndiyo lugha pekee ya wote. Jengo, likijengwa, huwa la miti na mabati, ili siku dhahabu ikikauka ling'olewe na kupakiwa.

Sadaka yake haitabiriki. Jumapili moja mwenye duara aliyebahatika anatoa kiasi kinachozidi makusanyo ya mwaka mzima ya kigango cha wakulima wa mpunga. Mwezi unaofuata hakuna hata ya mishumaa. Lakini mtu wa machimboni haogopi kuchangia. Anajua duara likititia na mwili ukapatikana, safari ya kuurudisha Kigoma au Kagera ni ghali, na anayesafirishwa leo angeweza kuwa yeye. Jumuiya ya machimboni kwa kweli ni chama cha mazishi kinachosali, na sisemi hivyo kuidharau.

Kuna upande mwingine, na ni uoga kuupita kimya. Eneo hilihili lilijulikana duniani kwa mauaji ya watu wenye ualbino, yaliyopamba moto kuanzia 2007, na kwa mauaji ya vikongwe walioitwa wachawi kwa sababu ya macho mekundu ya moshi wa kuni. Januari 2009 Waziri Mkuu Mizengo Pinda alilia bungeni akizungumzia ualbino. Waganga waliouza bahati ya dhahabu na ya samaki walikuwa na wateja, na wateja hao hawakuwa wote wapagani. Katekista wa machimboni anajua nani katika jumuiya yake ana hirizi kiunoni chini ya rozari. Watoto wenye ualbino walipokusanywa Buhangija, Shinyanga mjini, kwa usalama wao, vikundi vya makanisa vilifika na unga, sabuni, mafuta ya ngozi na kofia. Wakati huohuo, katika vijiji walikotoka watoto hao, kulikuwa na waumini walioshindwa kusema walichokiona. Vyote viwili ni historia ya Kanisa la huku.

Na malipo? Swali la Ushirombo halijajibiwa. Sheria za Kanisa za 1983, kanuni ya 231, zinasema mlei anayejitoa kwa kazi ya Kanisa ana haki ya ujira unaomstahili yeye na familia yake. Mei 2021 Papa Fransisko alitoa waraka wa kuanzisha rasmi huduma ya katekista, miaka mia moja na thelathini baada ya watoto wa Ushirombo kuanza kuifanya. Waraka unazungumzia wito na malezi yao, na namna askofu atakavyowasimika. Parokia, kwa upande wake, hutoa kile inachoweza: posho ndogo, baiskeli, gunia wakati wa mavuno, mara nyingine ekari moja ya shamba la kanisa. Semina ya makatekista mara kwa mara huangukia msimu wa mvua, kwa kuwa ndipo wawezeshaji wanapopatikana. Katekista wa kigango hulazimika kumwomba kaka yake ampandie mpunga, na kaka huyo, ambaye si lazima awe Mkristo, hupanda.